Kupanda hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo, tukiwa na watoto na mama mdogo: siku tuipangeje?

Mama Wawili Tabata

Habari za jioni wakuu. Mwezi wa nane tunakwenda Moshi kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, na baada ya sherehe tutakuwa na siku mbili za kupumzika. Moja nataka tuitumie mlimani Kilimanjaro. Sizungumzii kileleni. Nazungumzia kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, pale Mandara kwenye vibanda, tufike, tule, turudi chini kulala Moshi.

Tutakuwa watano: mimi na mume wangu, vijana wetu wa miaka 12 na 15, na mama mdogo ambaye ana miaka 58. Mama mdogo ana miguu mizuri, sokoni huwa anakwenda na kurudi kwa miguu, ila ana presha na anatumia dawa. Katika sisi watano hakuna aliyewahi kupanda mlima.

Nimeuliza watu watatu na nimepata majibu matatu. Mmoja kasema masaa matatu kwenda, mwingine masaa matano, wa tatu kasema tutarudi usiku. Naomba aliyewahi kwenda anipe hesabu inayoeleweka: tutoke Moshi saa ngapi, tuvae nini, tubebe nini, na mama mdogo aje au abaki na wifi nyumbani?

Bonde la Soweto

Njia ni rahisi dada, nendeni bila hofu. Raba zinatosha. Masaa matatu mmefika, mnapiga picha, mnashuka.

Mzawa wa Marangu

Dada Mama Wawili, karibu sana kwetu. Mimi nilianza kwenye njia hiyo nikiwa mgumu, yaani mbeba mizigo, na sasa naongoza wageni. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wengi wanaokuja kwa siku moja wanaharibikiwa na jambo lilelile: saa.

Geti la Marangu liko kama mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Mandara iko kama mita 2,720. Kwa hiyo mnapanda mita 850 ndani ya kilomita 8. Kijana mwenye mazoezi hizo ni saa tatu. Familia yenye mtoto wa miaka 12 na mama wa miaka 58, ambao wote ndiyo mara yao ya kwanza, wape saa nne hadi nne na nusu pamoja na kupumzika. Aliyekuambia tatu na aliyekuambia tano wote wamesema kweli, kila mmoja kwa miguu yake.

Sasa ipange siku kwa kuanzia mwisho. Jua huku linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, lakini msituni giza halisubiri jua lizame. Ikiwa kuna ukungu, saa kumi na mbili kasoro tayari mizizi huioni vizuri. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni nataka muwe getini. Kushuka kwa mwendo wenu ni saa mbili na nusu, ongeza nusu saa ya goti la mtu na picha. Hiyo inamaanisha saa nane kamili mchana mnaondoka Mandara, mkiwa mmeshakula. Ili mpate angalau saa moja pale juu, mfike saa saba. Ukitoa saa nne na nusu za kupanda unapata saa mbili na nusu asubuhi, hapo mguu wa kwanza uwe umeshavuka geti.

Na kabla ya kuvuka geti kuna kuandikishwa, kulipia, kusubiri mwongozaji akamilishe karatasi. Siku zenye wageni wengi hilo linakula saa nzima. Basi saa moja na nusu muwe mmeshuka kwenye gari pale getini. Kutoka Moshi ni kama kilomita 45, mnapita Himo, mnapanda Marangu Mtoni, kisha geti. Saa kumi na mbili alfajiri muwe barabarani. Najua ni likizo, lakini hapo ndipo siku nzima inapoamuliwa.

Na kuna sheria moja nawaomba mkubaliane wote usiku wa kabla, mbele ya chakula: saa saba na nusu mchana, popote mtakapokuwa, mnakula na kugeuka. Hata kama kibanda kimebaki dakika ishirini. Mkikubaliana mapema hakuna atakayelaumiwa njiani.

Mzawa wa Marangu

Naendelea kuhusu njia yenyewe, maana wengi hawaambiwi.

Mkivuka geti kuna njia mbili. Moja ni pana, ndiyo wanayopita wagumu na gari la dharura. Nyingine ni ya wapandaji, inaingia msituni na kufuata kijito. Pandeni kwa hii ya msituni. Ina ngazi za magogo, vidaraja vya mbao, na sehemu nyingine mizizi imetandaa njiani yote, ukikanyaga ikiwa imelowa inateleza kama sabuni. Kanyageni katikati ya mizizi, si juu yake. Nusu ya kwanza mteremko wake ni wa upole, na hapo ndipo watu wanapojiharibu kwa sababu wanajisikia wazuri na kukimbia. Pandeni kwa mwendo ambao mama mdogo anaweza kusimulia hadithi bila kukata maneno. Akianza kuhema katikati ya sentensi, mmeshazidisha.

Katikati ya safari mnafika Kisambioni. Kuna sehemu ya kukaa na choo. Kaeni dakika ishirini, mle kitu, msivue viatu. Baada ya Kisambioni njia inakuwa kali zaidi, na huko ndiko kipande kirefu kuliko vyote kwa mtu aliyechoka. Mbele kidogo mtaona miti imevaa ndevu za kijivu na kuvumwani shina zima, hapo jueni mmekaribia. Kisha msitu unafunguka ghafla na mnaona mapaa ya pembetatu yanayoshuka karibu yaguse nyasi. Hiyo ndiyo Mandara.

Mkikutana na wagumu wenye mizigo kichwani, nyinyi ndio mnaopisha. Simameni upande wa mlima, si upande wa bonde, na muwasalimie. Mtu amebeba hadi kilo 20 shingoni. Akisimama kukupisha wewe kuanza tena ni kazi.

Mtanga wa Bavaria

Salaam kutoka Ujerumani ya kusini. Ninaishi karibu na milima ya Alps na kila kiangazi tunapanda vibanda vya huku na watoto. Kuna kanuni wanayotumia waandikaji wa vibao vya njia za milimani, nimeijaribu kwenye takwimu za Mzawa na imenifurahisha.

Unachukua umbali, unagawa kwa kilomita 4 kwa saa. Unachukua mita za kupanda, unagawa kwa 300 kwa saa. Kati ya majibu mawili, kubwa unalichukua lote, dogo unachukua nusu yake, unajumlisha. Mandara: kilomita 8 ni saa 2. Mita 850 ni saa 2 na dakika 50. Jumla, saa 3 na dakika 50, bila mapumziko. Wakati wa kushuka unagawa kwa mita 500 badala ya 300, na unapata saa 2 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo Mzawa amesema vilevile, yeye kwa uzoefu wa miguu na hawa kwa kalamu.

Faida ya kanuni hii ni kwamba mnaweza kujipima mkiwa njiani. Kama mmefika Kisambioni na saa mbili na nusu zimepita, jueni mwendo wenu ni wa pole kuliko mpango, na mnaamua pale, si mkiwa mmechoka juu.

Jambo moja ambalo liko tofauti kabisa na huku: vibanda vya Alps vingi vina jiko, unakuta supu ya moto na mkate, na unapanda bila mwongozaji. Kilimanjaro usipange kwa mawazo hayo. Beba chakula chako chote na maji yako yote.

Mama Wawili Tabata

Mungu awabariki, sasa naanza kuelewa. Saa kumi na mbili alfajiri nimeikubali, mume wangu ndiye wa kushawishiwa.

Maswali yangu yaliyobaki. Mwongozaji ni lazima hata kwa siku moja? Ada zinalipwaje, maana nimesikia getini hawapokei pesa mkononi? Na nguo: kaka yangu wa Moshi anasema jinzi na sweta zinatosha.

Mzawa wa Marangu

Mwongozaji ni lazima, hata kwa siku moja, na awe na kibali. Pesa taslimu getini hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Sisi raia tunalipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola 70 kabla ya kodi anazolipa mgeni wa nje kwa siku. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki nao wanalipa kiwango cha huku. Lakini lazima uthibitishe uraia. Beba kitambulisho cha taifa, na kwa watoto beba cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule. Familia ikisahau karatasi za watoto, saa ya kuanza inaliwa palepale.

Na nakuomba kitu ambacho hukuuliza. Nyinyi ni watano, hata mkiambiwa mwongozaji mmoja anatosha, chukueni wawili: mmoja kiongozi na mmoja msaidizi. Wawili ni gharama kidogo zaidi, lakini ndilo jibu la swali lako la mama mdogo. Akichoka Kisambioni, msaidizi anashuka naye taratibu kwa njia pana, na vijana wanaendelea. Mkiwa na mmoja, mtu mmoja akigeuka wote mnageuka, na watu hujilazimisha kupanda kwa kuona haya kuwaharibia wenzao. Haya hiyo ndiyo inayowaumiza watu mlimani.

Kipusa wa Majengo

Kuhusu malipo naongeza la kwangu. Mwaka jana tulienda na kikundi cha marafiki, tukampa mtu wa kati pesa ya ada na ya mwongozaji kwa pamoja. Tumefika getini ada haijalipwa, mtu hapokei simu. Tukalipa upya, na tulianza kutembea saa tano asubuhi. Tuligeukia Kisambioni, na uamuzi ulikuwa sahihi, lakini inauma. Dada, dai kuona risiti ya hifadhi yenye majina yenu siku moja kabla. Asiyeweza kukuonyesha risiti, hajalipa.

Nesi Pasua

Mama Wawili alisema: *ana presha na anatumia dawa*

Hapa naomba nisikilizwe kwa utulivu. Presha peke yake haimzuii mtu kutembea hadi Mandara. Presha isiyotulia ndiyo inazuia. Mpeleke apime wiki mbili kabla ya safari, amwambie daktari wake waziwazi kwamba atapanda saa nne na kushuka saa tatu, na amuulize kuhusu dawa anazotumia. Kuna dawa za presha zinazoongeza mkojo, na kuna zinazozuia moyo kwenda mbio. Zote mbili mtu akizitumia anapaswa kujua zitamfanyaje mlimani, hasa kwenye maji na mwendo. Siku ya safari anakunywa dawa yake kama kawaida, haachi kwa sababu ya kuamka alfajiri.

Sasa ugonjwa wa mwinuko. Huwa unaanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, na Mandara iko juu kidogo ya hapo. Lakini dalili zake kwa kawaida huja saa kadhaa baada ya mtu kufika na kukaa juu, mara nyingi kuanzia saa sita hadi kumi na mbili. Nyinyi mtakaa saa moja na kushuka. Kwa hiyo sioni sababu ya kuwapa watoto dawa za mwinuko kwa safari hii, na msikubali kuuziwa dukani bila kuandikiwa. Kichwa kikiuma njiani, mara nyingi ni maji hayajatosha, au mtu hakunywa chai asubuhi. Anywe, ale kitu kitamu, apumzike. Kama kinazidi, au anatapika, au anayumba, hakuna mjadala wala kusubiri wengine. Anashuka.

Kinachonitia hofu zaidi kwa safari ya siku moja ni kulowa na kupoa. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Moshi mjini hadi Mandara ni tofauti ya nyuzi kama 11. Moshi mchana ikiwa 24, juu tarajia 13, na mwezi wa nane mawingu hukaa. Nyuzi 13 ukiwa mkavu na unatembea ni raha. Nyuzi 13 ukiwa umelowa jasho, umekaa kwenye benchi unakula, na upepo unapita, mtoto mwembamba anaanza kutetemeka ndani ya robo saa.

Kwa hiyo kaka yako wa Moshi, kwa heshima zote, jinzi hapana. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa zinabaki na maji na kuwa nzito, na zinanyonya joto la mwili. Suruali nyepesi ya mazoezi, fulana ya michezo kama za jezi, sweta ya sufu au ile ya manyoya laini ya mitumba, koti la mvua juu. Na kila mtu awe na fulana moja kavu begini ambayo haiguswi hadi Mandara. Mkifika, kabla ya chakula, kabla ya picha, badilisheni fulana. Hilo moja tu linafanya mlo uwe wa furaha.

Bonde la Soweto

Nesi amesema vizuri, nimerekebisha kauli yangu ya raba. Raba zenye soli iliyolika acheni. Mkifika Moshi nendeni soko la Memorial asubuhi, buti nzuri za mlimani za mitumba zipo, pamoja na makoti ya mvua. Zichagueni mapema mzivae nyumbani na mtaani kwa siku kadhaa. Kiatu kipya siku ya mlima ni malengelenge.

Mama Wawili Tabata

Basi tutanunua Kariakoo au Ilala kabla ya kuondoka ili tuzizoee. Na mazoezi je? Dar huku kote ni tambarare.

Mkwezi wa Pugu

Dar si tambarare yote dada. Nendeni Pugu, milima ya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, Jumamosi mbili au tatu mfululizo. Tembeeni saa tatu na mabegi yenye maji na chakula kilekile mtakachobeba mlimani. Katikati ya wiki tafuteni jengo lenye ngazi, mpande na kushuka, na mkazo uwe kwenye kushuka. Watu wanajiandaa kupanda wakati mapaja yanavunjwa na kushuka. Kesho yake asiyejiandaa anatembea kinyumenyume kwenye ngazi za nyumba.

Fimbo mbili kwa mama mdogo, muhimu sana. Zinakodishwa Moshi na Marangu. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, kamba za viatu zikazwe upya kabla ya kushuka ili vidole visigonge mbele.

Nanyuki Hewa Safi

Ninawasoma kutoka Kenya na nimefurahia uzi huu sana. Huku kwetu safari inayofanana ni kutoka lango la Sirimon hadi kambi ya Old Moses kwenye Mlima Kenya. Ni kama kilomita 9, unaanzia mita 2,650 na kufika 3,300. Mita za kupanda ni chache kuliko za Mandara na njia ni barabara ya gari, kwa hivyo miguu haiteseki. Lakini unaanzia juu, na unaishia juu zaidi, kwa hivyo hewa nyepesi unaisikia mapema na kichwa kinaweza kukusumbua. Kwa familia yenye mama wa miaka 58 mwenye presha, na wanaotoka Dar pale baharini, naona Mandara ndiyo chaguo bora kwa mara ya kwanza. Mandara inadai miguu, Old Moses inadai mapafu.

Swali kwa Mzawa: ile kreta ya Maundi ni lazima? Nimesikia watu wakisema bila Maundi hujafika.

Mzawa wa Marangu

Karibu ndugu yetu wa Nanyuki. Maundi ni kama dakika 15 hadi 20 kutoka Mandara, unapanda tena kidogo hadi ukingo wa kreta ya kale iliyojaa nyasi. Kukiwa kweupe unaona vilele vya Mawenzi na Kibo kwa upande mmoja, na upande mwingine nchi yenu, Taveta kule chini na Ziwa Jipe liking'aa. Ni pazuri mno. Lakini mawingu ya upande wetu wa kusini hupenda kupanda kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo anayefika saa saba mara nyingi anaona weupe mtupu. Ushauri wangu: ikiwa mmefika Mandara kabla ya saa sita na nusu na mbingu iko wazi, nendeni Maundi kwanza, chakula baadaye. Mkifika baada ya hapo, kaeni Mandara mle kwa amani.

Na niseme la moyoni. Wageni wengi wanapita msitu wetu wakiwa na haraka ya kufika mahali fulani. Msitu ndio safari yenyewe. Kuna ua dogo jekundu lenye njano, limejikunja nyuma kama mkia, linaota kando ya vijito kwenye kivuli. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari, na duniani kote linaota kwenye mlima huu tu. Watoto waambieni walitafute, watakuwa wanatembea taratibu bila kuambiwa. Mbega nao: mkisikia matawi yanatikisika juu, simameni kimya, tazameni juu, mtaona mkia mweupe unaning'inia kama pazia kabla hamjaona mnyama mwenyewe. Kima wanazoea watu pale vibandani na wanaiba ndizi mkononi. Msiwape chochote, hata ganda.

Mjukuu wa Kilema

Wakati mnasubiri karatasi getini, watoto wapelekeni kwenye vibao vya kumbukumbu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 1889 wakianzia Marangu, kwa Mangi (chifu) Marealle, na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa huku kwetu anakumbukwa kuwa mwongozaji wao. Na jina la Mandara ni la mangi wa Moshi ya Kale. Zamani za Wajerumani kituo hicho kilipewa jina la Bismarck, na Horombo, kituo kinachofuata juu ya Mandara, kilikuwa cha Peters, yule yule Carl Peters ambaye alinyonga watu huku Kilimanjaro. Mimi nikipita na mtoto wangu lazima nimwambie hilo. Apande akijua ni mlima wa nani.

Kingine ni moto. Oktoba 2020 mlima uliwaka siku nyingi, na moto ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo. Mwenye sigara aiache getini. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi, bebeni zile za kujaza tena, na kila ganda la pipi lirudi begini.

Mama Wawili Tabata

Nimeandika mpango, naomba mnikosoe.

Usiku wa kabla: mabegi tayari, viazi vitamu na mayai vimechemshwa, chapati, karanga, ndizi mbivu, risiti ya ada imeshaonekana kwa macho yangu. Saa kumi na moja na robo kuamka, chai na uji, mama mdogo dawa yake. Saa kumi na mbili tunaondoka na gari la kaka. Saa moja na nusu getini, vibao vya kumbukumbu. Saa mbili na nusu tunaanza, waongozaji wawili. Kisambioni kama saa nne na nusu, tunajipima hapo. Mandara kati ya saa sita na nusu na saa saba. Fulana kavu. Chakula. Saa nane tunashuka bila mjadala. Saa saba na nusu ikitukuta njiani tunageuka. Maji lita mbili kila mtu mzima, moja na nusu kila mtoto. Tochi mbili za kichwa.

Mama mdogo nimempigia. Amekubali kupima, na amesema akigeuka Kisambioni hatalia.

Nesi Pasua

Umepanga vizuri sana mdogo wangu. Mawili tu. Chumvi: viazi na mayai vitiwe chumvi, mtakuwa mnatoka jasho jingi. Ila kwa mama mdogo iwe kiasi kile alichoelekezwa na daktari wake, asiongezewe. Na kila mtu mzima ajue fulana kavu ya kila mtoto iko begi gani, kwa sababu ikihitajika inahitajika haraka.

Mzawa wa Marangu

Mpango ni mzuri. Rekebisha sehemu mbili. Tochi ziwe za kila mtu mzima, si mbili; mkigawanyika Kisambioni kila kundi liwe na zake. Na huyo kaka mwenye gari asirudi Moshi kusubiri mjini. Abaki Marangu Mtoni, ale, alale, maporomoko ya Kinukamori hayako mbali akitaka kutazama, na simu yake iwe hewani muda wote. Msaidizi akishuka na mama mdogo mapema, gari liwe karibu, mama asikae getini saa mbili kwenye baridi akiwa na nguo za jasho. Mkikosa gari binafsi basi jueni Coaster za Moshi zinapakia Marangu Mtoni, na kutoka getini hadi pale mnapata bodaboda au gari la kuchangia, ila jioni abiria wakiwa wachache magari yanachelewa kujaa. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa getini saa kumi na moja.

Nitumie ujumbe wa pembeni tarehe ikipatikana, nikuelekeze namna ya kuhakiki kibali cha mwongozaji yeyote utakayempata, si lazima awe mimi.